Koili Ndogo kwa Ardhi Iliyokwisha Kupitiwa

Leo nina neno na wewe mwenye mashine ya kutafutia dhahabu, na wewe pia ambaye bado unachangishana na wenzako mnunue moja. Mashine yenyewe nitaiacha. Nataka tuzungumze habari ya koili, ile sahani ya chini inayopita juu ya udongo, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wengi huinunua kwa kusikia sifa bila kuangalia shamba lao likoje.

Nenda duka linalouza vifaa hivi, uliza koili ya ziada. Mara nyingi utaletewa kubwa kwanza: inchi 15, inchi 18, na kuendelea. Muuzaji atakwambia, "Hii inashuka chini, kaka." Nawe umetoka porini, umezunguka mchana kutwa ukarudi na misumari na vizibo vya soda, ukisikia habari ya kushuka chini unaona kumbe ugonjwa ulikuwa huo. Dhahabu imejificha chini zaidi! Pesa inatoka, mnaagana kwa furaha, na kesho yake unarudi kwenye mashimo yale yale na sahani nzito kuliko ya jana.

Mimi nasema hivi: kwa mchimbaji mdogo anayefanya kazi kwenye eneo lililokwisha kupitiwa na wenzake, koili ya kwanza ya kuongeza ni ndogo. Inchi 5, inchi 6, inchi 8, kutegemea mashine. Najua wapo watakaonipinga, hasa wale waliowahi kuona kipande kikubwa kikitolewa shimo la kiunoni. Wanivumilie kidogo.

Tuanze na ardhi, maana koili ni mtumishi wa ardhi. Chukua Chunya, ule uwanda wa Lupa. Dhahabu ilitambuliwa kule mwaka 1922, na kufikia miaka ya 1930 watu walikuwa wamemiminika, wenyeji na wageni, wakichimba vijito na kuosha mchanga. Tangu wakati huo eneo hilo halijapumzika. Walipita watu wa sululu na karai, wakafuata watu wa mashine za kwanza, wakaja wa mashine nzuri zaidi, na leo unakuja wewe. Vipande vikubwa vilivyokuwa karibu vimekwenda zamani. Vilivyobaki ni vya aina mbili: vikubwa vilivyo chini sana, ambavyo ni vichache na hakuna ajuaye viko wapi, na vidogo vilivyo juu juu, nusu gramu, robo gramu, ambavyo waliokutangulia walivipita bila kuvisikia. Walivipita kwa sababu koili zao zilikuwa kubwa mno kwa punje kama hiyo, au palikuwa na takataka za chuma jirani, au mawe na mizizi iliwazuia kuishusha sahani hadi chini.

Hapa niweke onyo mapema, kwa sababu kuna watu wanapoteza mtaji bure. Si kila dhahabu inasikika kwenye mashine. Kwenye machimbo mengi ya mwamba, dhahabu imo ndani ya jiwe kwa chembe ndogo kabisa. Jiwe linapelekwa karasha, linasagwa, linaoshwa, ndipo unaona kitu. Chembe hizo hakuna koili itakayokuimbia, iwe ndogo au kubwa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jiulize: unapoosha udongo wa eneo lako kwenye karai, unaona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, hata kama ni saizi ya punje ya mchele? Au unaona vumbi la njano tu? Kama ni vumbi tu, pesa hiyo inunulie pampu ya maji. Kama unaona vipande, endelea kunisikiliza.

Kinachowapotosha wengi ni hadithi za vipande vikubwa. Mwaka 1980, huko Victoria, Australia, karibu na kijiji cha Kingower, mtu mmoja aliyekuwa na mashine ya kawaida ya mkononi alikuta kipande cha dhahabu kilichopewa jina la Hand of Faith. Kilikuwa na uzito wa kilo 27 na ushei, kikauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja kwa kasino ya Golden Nugget ya Las Vegas. Hadithi ya kweli, na ni tamu. Lakini angalia jambo moja ambalo wasimulizi hulipita haraka: kipande kile kilikuwa kiasi cha sentimita 30 tu chini ya ardhi. Kilo 27 kwenye sentimita 30! Kitu kama hicho hata mashine ya bei ndogo ingekisikia. Aliyekipata hakukipata kwa ukubwa wa sahani yake. Alikipata kwa sababu alipita pale na mwingine hakupita. Sasa mtu wa Makongolosi, kule Chunya, anaisikia habari hiyo, anakwenda kununua koili ya inchi 18, halafu anaitembeza juu ya ardhi ambayo riziki yake ya kila siku ni nusu gramu.

Tuingie ndani kidogo tuone koili inafanya nini. Ni waya uliozungushwa. Mashine inapopitisha umeme ndani ya waya huo, panatokea uwanja wa sumaku unaoingia ardhini. Uwanja huo ukikuta kipande cha dhahabu unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake, nayo mikondo hiyo inatoa uwanja wake hafifu unaorudi juu. Koili inaupokea, na wewe unasikia mlio masikioni. Safari ni mbili, ya kwenda na ya kurudi, na kila safari ina hasara yake. Kitu kikishakuwa mbali ukilinganisha na upana wa koili, ukiongeza umbali mara 2, nguvu inayokifikia inabaki sehemu moja kati ya 8. Inayorudi nayo inapungua vivyo hivyo. Nane mara nane ni 64. Kwa hiyo kipande kile kile, ukikizika mara mbili ya kina chake, kinakujibu kwa sauti iliyobaki sehemu moja kati ya 64. Ndiyo maana mtu anayekuahidi kwamba koili fulani itakuongezea kina maradufu kwa dhahabu ndogo, msikilize kwa adabu na uendelee na safari yako.

Sasa chukua umeme ule ule na mizunguko ile ile ya waya, uweke kwenye koili ya inchi 5 na koili ya inchi 11. Pale katikati, uwanja wa ile ndogo una nguvu zaidi ya mara 2 ya ile kubwa. Ni kama jiko moja la mkaa: ukiteleka kisufuria cha chai kinachemka upesi, ukiteleka sufuria la harusi linapata uvuguvugu. Lakini kisufuria hakilishi harusi, na hapo ndipo ukweli wa upande wa pili ulipo. Kadiri unavyoshuka ardhini, ubora wa koili ndogo unapungua. Kwa hesabu tupu, bila kuweka udongo, ukifika kwenye sentimita 6 au 7 koili hizo mbili zinakuwa sawa, na chini ya hapo kubwa inaanza kushinda. Huko sentimita 30 inashinda kwa mbali sana, na sitaki kukudanganya juu ya hilo.

Ila hesabu tupu ni ya mezani, na shamba lina mambo yake. La kwanza ni hewa. Unapoona mawe yametapakaa, visiki vya mahindi, mizizi ya miombo, koili pana haigusi ardhi. Inapita juu ya vichwa vya mawe, sentimita 5 au 6 hewani, mara nyingine 10. Mashine haijui tofauti ya hewa na udongo. Sentimita uliyoipoteza juu umeipoteza kabisa, sawasawa na kama kipande kingezikwa sentimita hiyo zaidi. Koili ya inchi 5 unaichomeka katikati ya mawe mawili, unaizungusha shina la mti, unaiingiza kwenye ufa wa mwamba ambako maji ya mvua za miaka mingi yalishusha dhahabu na kuiacha. Vipande vya mkondo vinapenda kukaa mahali kama hapo, nyuma ya jiwe, ndani ya nyufa za mwamba wa chini, na ndipo hasa sahani kubwa isipofika. Nimewaona watu wakifagia mto mkavu kwa koili pana, wakipita juu ya mawe kwa ustadi mkubwa, na mawe yenyewe hawayageuzi.

La pili ni udongo wenyewe. Wewe unayeosha kwa karai unaujua ule mchanga mweusi unaobaki mwisho pamoja na dhahabu. Ule una chuma; ukipitisha sumaku unasimama. Ardhi zetu nyingi za dhahabu zimejaa mchanga huo, na juu yake kuna changarawe nyekundu ile ya kumwaga barabarani, nayo ina chuma. Mashine inasikia yote hayo. Koili ya inchi 11 ina eneo karibu mara 5 ya koili ya inchi 5, kwa hiyo kwa wakati mmoja inatazama udongo mwingi zaidi, na udongo huo wote unajibu pamoja. Kipunje cha robo gramu kinalazimika kusikika katikati ya kelele hiyo. Fundi anafanya nini? Anapunguza nguvu ya mashine ili itulie. Na akishapunguza, kina alichokilipia dukani amekirudisha palepale shambani, bila risiti. Koili ndogo inatazama udongo kidogo, kelele inakuwa ndogo, na mashine unaiacha na nguvu yake. Ndiyo sababu kwenye udongo mkali ule mpaka wa sentimita 6 au 7 niliousema unasogea chini, na koili ndogo inaendelea kufaa kina ambacho kwa hesabu ya mezani isingefaa.

Tena Australia, ambako kampuni ya Minelab ilianzia, ardhi ya dhahabu ni nyekundu na ina chuma kama ya kwetu. Mwaka 1995 walitoa mashine yao ya SD2000, ya aina inayotuma umeme kwa mapigo na kuukata ghafla, hasa kwa sababu mashine za kawaida zilikuwa zinazidiwa na udongo ule. Mashine za mapigo zimekuwa zikiumudu udongo mgumu tangu hapo. Lakini hata mwenye mashine ya mapigo bado anapata unafuu akiweka koili ndogo. Teknolojia haijaifuta sababu hiyo, imeipunguza makali.

La tatu ni takataka, na hapa naomba nikurudishe nyuma hadi mwaka 1881, Marekani. Rais James Garfield alipigwa risasi tarehe 2 Julai mwaka huo, na risasi ikabaki mwilini. Hapakuwa na picha za eksirei. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akatengeneza chombo cha kutafuta chuma kwa umeme, kwa nia ya kuonyesha risasi ilipo ili madaktari waitoe. Chombo kilifanya kazi vizuri kwenye majaribio. Kikaletwa kitandani kwa rais, kikawa kinatoa sauti zisizoeleweka. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba godoro lilikuwa na springi za chuma, jambo lisilo la kawaida miaka ile. Tena daktari mkuu alikuwa ameshaamua risasi iko upande wa kulia, akataka patafutwe huko tu. Baada ya kifo cha rais mwezi Septemba ikaonekana ilikuwa upande wa kushoto. Bell hakuwa na chombo kibovu. Alikuwa na chombo kilichosikia chuma chote kilichokuwa karibu, pamoja na mtu aliyemwelekeza pasipo.

Machimbo ya zamani ni kitanda kile. Kuna misumari ya vibanda, waya, mabati yaliyooza, vipande vya nondo na moko, betri, karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, maganda ya risasi za wawindaji. Watu waliishi pale, walipika pale, walikarabati baiskeli pale. Ukiwa na koili pana, chini yake kuna misumari mitatu kwa pamoja na kipande cha dhahabu kimoja, na mashine inakupa mlio mmoja mchafu ambao ukiuchimba unakuta msumari, unaondoka. Ukiwa na koili ya inchi 5 unaweza kuitenga milio hiyo: huu wa kwanza, huu wa pili, na huu wa tatu ulio laini kidogo pembeni. Wajuzi wa kazi hii wana tabia ya kurudi kwenye kambi za zamani zilizokatiwa tamaa kwa ajili ya uchafu wake, wakiwa na koili ndogo na ndoo ya kutupia vyuma. Ni kazi ya kuchosha, na ni kazi inayolipa, kwa sababu wengi wameikimbia.

Kuhusu aina za koili nitapita haraka. Ipo ya mzunguko mmoja, ambayo waya ule ule unatuma na kupokea; chini yake uwanja unasinyaa kadiri unavyoshuka, ukibaki mwembamba kama ncha. Ipo ya D mbili zilizolaliana, ambayo chini yake uwanja ni mstari mrefu kutoka mbele kwenda nyuma. Ya mzunguko mmoja ni kali zaidi kwenye mashine za mapigo, ya D mbili ni tulivu zaidi kwenye udongo wenye chuma kingi. Mwenye mashine ya GPX 5000 alipewa zote mbili sandukuni, za inchi 11, kwa hiyo ameshaonja tofauti. Halafu lipo umbo la yai, kwa mfano inchi 10 kwa 6. Hilo nalipenda. Wembamba wake unalifanya lifanye kazi jirani na koili ndogo, na urefu wake unakupunguzia hatua. Kama mtu ananiambia ana pesa ya koili moja tu na eneo lake lina mchanganyiko wa mawe na uwazi, sitamwambia inchi 5 ya duara. Nitamwambia yai.

Angalia pia watengenezaji wenyewe walivyofanya walipounda mashine kwa ajili ya dhahabu ndogo. Gold Monster 1000 inafanya kazi kwenye kilohezi 45, na koili zake ni inchi 5 ya duara pamoja na lile yai la 10 kwa 6. Fisher Gold Bug 2, mashine ya miaka mingi, iko kwenye kilohezi 71 na koili yake ndogo ni ya inchi 6 na nusu. SDC 2300, ya mapigo, imekuja na koili ya inchi 8. Waliotaka kusikia punje ndogo walipandisha mawimbi na wakafinya koili. Hawakuweka inchi 18.

Sasa gharama za koili ndogo, maana sitaki kesho unilaumu. Utakwenda polepole. Ukiwa na eneo jipya, wazi, ambalo hakuna aliyewahi kupita, kuanza na inchi 5 ni kujitesa. Pitisha koili kubwa kwanza, uone wapi dhahabu inatokea, kisha urudi na ndogo palepale ilipotokea. Dhahabu ina tabia ya kukaa kwa vikundi, ulipopata kimoja jirani pana vingine. Tena kwa kuwa uwanja wa koili ya mzunguko mmoja unasinyaa ukishuka, usipige hatua ya upana mzima wa sahani. Songa mbele kwa nusu ya koili au pungufu ya nusu, na uweke koili sambamba na ardhi hadi mwisho wa mkono. Vijana wengi wanainyanyua mwishoni kulia na kushoto, kama mtu anayefyeka nyasi kwa fyekeo, na kila wanapoinyanyua wanaacha ukanda mzima ambao hawajaupima.

Faida moja ambayo haisemwi sana ni uzito. Mwaka 1942, kabla na wakati wa mapigano ya El Alamein, majeshi ya Uingereza yalitumia vitambuzi vya mabomu ya ardhini vilivyobuniwa na afisa wa Kipoland, Józef Kosacki, vilivyokuwa na uzito wa karibu kilo 14. Mashine za leo ni nyepesi, lakini uzito wa mwisho wa fimbo haufanani na uzito wa begani. Gramu mia chache ukizitia mwisho wa fimbo ndefu, saa kumi jioni utazisikia kwenye kiwiko na kwenye mgongo. Mtu aliyechoka anainua koili bila kujua, anaharakisha, hana tena lile sikio la asubuhi. Kina mama waliomo kwenye kazi hii, na wazee, wananielewa bila mifano zaidi.

Nimalizie na ununuzi, na hapa usikilize vizuri. Koili si kama taa ya baiskeli, ya kwamba ikiingia imeingia. Koili ya mashine ya mapigo haifai kwenye mashine ya wimbi endelevu, ile isiyotuma umeme kwa mapigo, hata kama plagi yake inakaa. Baadhi ya mashine mpya zinatambua koili zake kwa kichipu kilichomo ndani, na nyingine ikiletwa inakataliwa. Uliza jina kamili la mashine yako na namba ya toleo, uliza koili imetengenezewa mashine hiyo, na uandikiwe hivyo kwenye risiti. Bidhaa za kughushi zipo nyingi, za mashine na za koili, nazo zina rangi ile ile na nembo ile ile. Bei ikiwa chini kupita kiasi, jua unanunua plastiki.

Nenda dukani na mashine yako. Chukua kipande chako cha dhahabu, au kama huna, goroli ndogo ya risasi, ukibandike kwa gundi kwenye kijiti cha mbao. Usiridhike na kukipitisha hewani tu. Omba mtoke nje, mkifukie kwenye udongo, ikiwezekana udongo uliouchukua eneo lako ukaja nao kwenye mfuko wa kilo 10. Muuzaji anaweza kukucheka. Acha acheke. Sikiliza mashine ikiwa imetulia, kisha igonge koili kwa kidole, pembeni na juu. Ikilia kila unapoigonga, italia kila itakapogusa jiwe, na wewe unainunua kwa ajili ya mawe. Tikisa waya wake pale unapoingia kwenye sahani. Kama mlio unakatika au unakoroma, irudishe. Nunua na kifuniko cha chini siku hiyo hiyo, maana koili ndogo inasugua mawe siku nzima na plastiki yake inakwisha. Lakini kifuniko ukitoe na kukiosha kila jioni, kwa sababu ule mchanga mweusi unaingia katikati na kukuletea kelele ambayo utaitafutia mchawi. Waya uzungushe kwenye fimbo na uufunge barabara. Waya unaolegea unalia nao.

Kwa wale wanaokodi mashine kwa mgawo, mwombe mwenye mashine akupe na koili ndogo, hata kama mgawo wako utapungua kidogo. Na mwenye mashine, usiwanyime. Wanakutafutia na wewe.

Kisheria, msikilizaji wa Tanzania unajua: uchimbaji ni wa mwenye leseni, kwa hiyo kama eneo si lako kubalianeni kwa maandishi kabla hujawasha mashine, na kitakachopatikana kipelekwe soko la madini, masoko yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019. Fukia mashimo, hata yale madogo ya koili ndogo, kwa sababu ng'ombe wanavunjika miguu humo. Na ndugu zangu wa pwani mnaoniandikia kuulizia koili za kutafutia sarafu za kale kwenye magofu ya Kilwa: hapo sina ushauri wa koili. Hayo ni mambo ya kale, yana sheria yake na wenye kuyachimba kwa kibali, na shimo la usiku linaharibu hata kile ambacho hukukichukua.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutakuwa na kazi ya kusawazisha mashine na udongo: lini uifanye, mara ngapi kwa siku, na kwa nini wengine wakishaifanya asubuhi wanadhani wamemaliza. Kama una swali la koili, tuma ujumbe mfupi studio ukitaja mashine yako na aina ya udongo wa kwenu. Usiandike tu "koili gani nzuri", maana sitaweza kukujibu.